Jibu Liwe Karatasini Kabla Hujabonyeza

Mwisho wa mwezi mmoja nilikuwa nimeketi kwenye ofisi ya uhasibu ya mteja wetu, akaingia mlinzi na karatasi mbili za mshahara zilizokunjwa mara nne. Mshahara wake ni shilingi 300,000. Mwezi uliopita, kwenye mfumo wa zamani wa malipo, PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, ilikuwa sifuri. Mwezi huu, kwenye mfumo mpya ambao mimi ndiye niliyeupima, imeandikwa 2,400. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii ni ya nini?"

Nikachukua kalamu, tukakokotoa pamoja. Makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10, yaani 30,000. Inabaki 270,000, na mapato ya mwezi yasiyozidi hapo hayatozwi kodi. Sifuri. Mfumo ulikuwa unapiga kodi kwenye mshahara mzima kabla ya kuondoa NSSF.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba fanksheni ile, yaani kipande cha programu kinachokokotoa kodi, niliipima kwa majaribio zaidi ya arobaini, na yote yalipita. Tatizo ni mahali nilipoyatoa majibu. Nilimwendea programa aliyeiandika, nikamuuliza anakokotoaje, akanieleza, nami nikatengeneza Excel yangu kwa maelezo yaleyale. Kosa lake likahamia kwangu, na majibu yetu yakalingana bila tofauti hata ya senti. Mlinzi ndiye aliyekuwa na jibu kutoka nje, kwenye ile karatasi ya mwezi uliopita.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi ya kupima fanksheni mojamoja bila kuona msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, shika hili kabla ya mengine yote: jibu unalolitarajia liandike kabla hujabonyeza, na ulitoe kwenye kanuni yenyewe. Kama ni kodi, nenda kwenye jedwali la TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania. Kama ni makato ya mkopo, nenda kwenye mkataba. Ukibonyeza kwanza, utaona namba inayofanana na ukweli na utaikubali. Sote tuko hivyo.

Wageni wengi hudhani kutoona msimbo ni upungufu. Sivyo. Unahitaji tu kujua fanksheni inapokea nini, inarudisha nini, na inatii kanuni gani. Ukiijua kanuni vizuri kuliko aliyeandika msimbo, utamsaidia kuliko mtu yeyote aliyekaa naye kwenye skrini.

Tuchukue PAYE hiyohiyo, kwa jedwali la Tanzania Bara lililoanza Julai 2021. Fanksheni inapokea mapato ya mwezi baada ya kuondoa NSSF. Hadi 270,000 hakuna kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8 ya kiasi kilichozidi. Hadi 760,000 ni 20,000 na asilimia 20 ya kilichozidi 520,000. Hadi 1,000,000 ni 68,000 na asilimia 25 ya kilichozidi 760,000. Juu ya hapo ni 128,000 na asilimia 30.

Hayo ni makundi matano. Namba moja katikati ya kila kundi inatosha. Nimeona vijana wakijaribu 600,000, kisha 620,000, kisha 650,000, wakaandika kwamba wamefanya majaribio matatu. Ni jaribio moja lililorudiwa mara tatu. Nguvu zako zipeleke mpakani: 519,999, halafu 520,000, halafu 520,001.

Mpakani ndipo mtu anapojichanganya. Angalia jedwali linavyoungana: 520,000 kutoa 270,000 ni 250,000, na asilimia 8 yake ni 20,000, ile ile ambayo mstari unaofuata unaanza nayo. Basi ukiweka 520,000 ukapata sifuri, kuna uwezekano mkubwa kwamba upande mmoja umeandikwa "chini ya" na upande wa pili "zaidi ya", na namba hiyo imebaki haina mwenyewe. Ukiweka 520,001 ukapata zaidi ya 104,000, wamepiga asilimia 20 kwenye fedha yote badala ya ile shilingi moja iliyozidi. Hujaona msimbo, lakini umeshajua ugonjwa uko wapi.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda sana, maana hakihitaji kujua jibu la kila namba. Mwombe programa akupe njia ya kuiita fanksheni kwa mfululizo, kutoka 0 hadi 2,000,000, ukiongeza 1,000 kila mara. Kodi haipaswi kushuka mapato yanapopanda. Na kwa kuwa kiwango cha juu kabisa ni asilimia 30, hatua moja haipaswi kuongeza zaidi ya 300. Ukikuta mruko au shimo, simama hapo uchimbe. Ni majaribio 2,001 yanayoisha kabla chai haijapoa.

Uliza pia kuhusu tarehe. Kabla ya Julai 2021 mstari wa kwanza wenye kodi, ule wa 270,000 hadi 520,000, ulikuwa asilimia 9, kwa hiyo mapato ya 520,000 ya Juni 2021 yalikatwa 22,500 na ya Julai 20,000. Mhasibu akitaka kurekebisha mshahara wa zamani, fanksheni isiyopokea mwezi itamdanganya. Hilo ni swali la kuuliza hata kabla ya jaribio la kwanza.

Kisha ipe vitu vibaya: namba hasi, nafasi tupu, neno "laki tatu". Usisahau "1,000,000" pamoja na mikato yake, kama inavyonakiliwa kutoka Excel. Kwenye lugha ya programu ya JavaScript, parseInt, amri ya kugeuza maandishi kuwa namba, ikipewa maandishi hayo inasoma hadi kwenye mkato wa kwanza na kurudisha 1. Mwenye milioni anageuka mwenye shilingi moja, kodi yake inakuwa sifuri, na hakuna onyo lolote. Afadhali fanksheni inayopiga kelele na kukataa kuliko hiyo inayonyamaza.

Na iite mara mbili. Mfanyakazi wa kwanza, wa pili, kisha wa kwanza tena. Jibu lake likibadilika, kuna kitu kinabaki ndani kutoka kwa mtu aliyepita.

Ukiipata hitilafu, andika ulichoingiza, ulichotarajia na kilikotoka, na ulichopata. Dhana yako kuhusu chanzo iweke chini kabisa, peke yake, kama dhana. Ile ya mlinzi niliiandika hivi: "Mshahara 300,000, NSSF 30,000. Kwa jedwali la TRA, PAYE ni 0. Imetoka 2,400." Programa alisoma mara moja, akaona, akarekebisha mchana uleule. Mlinzi alirudishiwa 2,400 zake mwezi uliofuata, na tangu siku hiyo mshahara wa 300,000 ndio jaribio langu la kwanza kwenye kila mfumo wa malipo ninaopewa.