Kwa nini mashine za kwanza za michezo Ulaya zilifanana

Umeuliza kwa nini mashine nyingi za michezo ya video zilizouzwa Ulaya katika miaka ya 1970 zilikuwa na tenisi ileile, ingawa majina ya kampuni yalitofautiana. Sababu kubwa ni chipu moja tu, AY-3-8500 ya kampuni ya General Instrument, ambayo ilibuniwa katika kiwanda chake cha Glenrothes, Uskoti, ikaingia sokoni mwaka 1976. Ndani yake mlikuwa na michezo 6, ikiwemo tenisi, mpira wa miguu, skwoshi na miwili ya kulenga shabaha, kwa hiyo mtengenezaji alihitaji kuongeza vipuri vichache, vishikizo vya kuchezea na kasha la plastiki, kisha akabandika jina lake. Ubunifu, kwa kweli, uliishia kwenye rangi ya kasha.

Hali ilibadilika mashine zilipoanza kutumia mikroprosesa (chipu inayofuata maagizo ya programu) na katriji (vikasha vya michezo vya kuchomeka na kuchomoa), kwani mchezo haukufungwa tena ndani ya chipu. Mwaka 1978 Philips ya Uholanzi, iliyokuwa imeinunua Magnavox ya Marekani miaka minne kabla, ilileta Videopac G7000, na Interton ya Ujerumani ikatoa VC 4000. Jambo ambalo watu husahau ni televisheni yenyewe: Ulaya ilitumia picha 50 kwa sekunde badala ya 60 za Marekani, na Ufaransa ilikuwa na mfumo wake wa rangi, SECAM, hivyo mashine ya Marekani isingefanya kazi ipasavyo bila kurekebishwa.