Barua kwa mwanangu: barabara ya babu yako

Tukuyu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana jioni mvua ikinyesha, usingizi ukakatika. Unasema mwenzako kazini amekwambia Waafrika waliopelekwa Burma (Myanmar ya leo) katika Vita vya Pili vya Dunia walikuwa wapagazi tu, sasa unauliza: je, babu aliposema "tuliikamata barabara", alikuwa akitupigia hadithi?

Hapana, mwanangu. Babu yako alikuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku kwetu, batalioni ya 36, ya Watanganyika. Begani alivaa kichwa cha kifaru, alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 Wajapani waliposhindwa Imphal, India, divisheni hiyo ndiyo iliyotumwa kuwafuata bonde la Kabaw, kutoka Tamu kushuka kusini hadi Kalewa, kwenye mto Chindwin. Walianza Agosti, mvua za kule zikiwa zimechachamaa. Kalewa waliingia tarehe 2 Desemba. Hesabu mwenyewe hiyo miezi.

Ukisikia barabara imekamatwa, labda unaona watu wanakimbia na bunduki, jioni bendera inapanda. Babu hakuisimulia hivyo. Ile barabara ilikuwa uji. Magari yalizama, hata chakula na risasi vikawa vinadondoshwa na ndege kwa miamvuli. Mkishawaondoa Wajapani kwenye kipande, kipande hicho mnakijenga, la sivyo majeruhi hawarudi nyuma wala mizinga haisogei mbele. Mnakata miti, mnalaza magogo, mnashindilia. Kisha mnakwenda kupigania kipande kinachofuata. Na huku malaria inaangusha watu, na vidonge vya kuizuia vinawageuza ngozi manjano.

Pabaya zaidi palikuwa mwishoni, kwenye korongo la mto Myittha, kati ya Kalemyo na Kalewa. Barabara imebanwa na mto upande mmoja na vilima vya msitu upande mwingine, na Wajapani wamechimba mahandaki huko juu. Chini hapapitiki mpaka wa juu waondolewe. Kwa hiyo walipanda. Akifika hapo babu yako alinyamaza, nami sikuwahi kumdadisi.

Mizigo alibeba, ndiyo. Nani hakubeba? Anayemtenga mbeba mizigo na mpiganaji katika vita ile hajaijua. Wahandisi walijenga daraja la chuma kuvuka Chindwin, karibu mita 350, refu kuliko yote ya aina yake wakati huo, na majeshi ya Jenerali Slim, kamanda wa Waingereza kule, yakavuka. Daraja linasifiwa mpaka leo. Waliolaza magogo hadi pale mtoni hawatajwi. Inaniuma, na inaniuma zaidi nikikumbuka kwamba askari mweusi alilipwa pungufu ya Mzungu aliyekuwa naye kwenye tope lile lile.

Unaikumbuka njia yetu ya kwenda migombani, ile ya magogo? Aliijenga yeye. Alichagua mikaratusi minene kama paja, akailaza kukingama njia, shina la hili kando ya ncha ya lile, ili juu pawe sawa. Nafasi alizijaza udongo kwa mikono. Halafu alisimama juu ya kila gogo, akalipiga kwa kisigino, akasikiliza. Likitikisika analing'oa, anaanza upya. Nilikuwa na miaka minane, nikamuuliza kwa nini anajisumbua hivyo kwa njia ya migombani. Akasema, "Gogo likicheza, aliye kwenye machela analia."

Mpelekee mwenzako maneno hayo.

Kila masika nabadilisha yaliyooza, kama alivyonifundisha. Mwaka huu ni mawili, lile la pili na lile la karibu na kisima, na mgongo wangu sasa umekataa. Ukija Desemba tutayabadilisha pamoja. Usisahau buti.

Mama yako