Nina PR (ukaazi wa kudumu) ya Kanada lakini nipo Tanga: nimeipoteza? Na mke wangu nitamdhamini vipi?

SWALI

Assalaam aleykum, dada wakili. Niliingia Kanada na PR tarehe 14 Juni 2021 kwa njia ya wafanyakazi wenye ujuzi, nikaishi Edmonton. Tarehe 10 Februari 2024 nilirudi Tanga baada ya mama kupata kiharusi na kulazwa hospitali ya Bombo, na tangu hapo sijatoka. Nimepata kazi ya mkataba kule Chongoleani, kwenye mradi wa bomba la mafuta, mwajiri ni kampuni ya kigeni. Mwaka jana nimeoa. Mke wangu aliwahi kuolewa akaachika 2022, karatasi ya talaka ya shehe anayo, na ana binti wa miaka minane. Kadi yangu inaisha Agosti 2026. Mwenzangu mmoja anasema PR imeshakufa kwa kuwa nimepitisha miezi sita nje. Mwingine anasema nikienda hata wiki moja kabla kadi haijaisha, nimesalimika miaka mitano mingine. Ukweli ni upi? Naweza kuanza kumdhamini mke na mtoto nikiwa hapahapa Makorora? Na mama je?

JIBU

Waaleykum salaam, kaka, na pole kwa kuuguza.

PR yako haijafa. Wenzako wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa upande wake. Hilo la miezi sita limetoka kwa wenye kadi ya kijani ya Marekani, watu wakalibeba likafika Kanada lisikokuwepo. Kanada haikuulizi umekaa nje miezi mingapi mfululizo. Inauliza kitu kimoja: katika miaka mitano iliyopita, umekuwa ndani ya Kanada siku 730?

Tuhesabu zako. Kuanzia 14 Juni 2021 hadi 10 Februari 2024, ukijumlisha siku ya kuingia na siku ya kutoka (zote mbili zinahesabiwa, hata kama ulitua saa tano usiku), una siku 972. Kwa miaka yako mitano ya mwanzo umeshatimiza na kubakiza. Lakini watu wengi hudhani miaka mitano inafuata tarehe za kadi. Haifuati. Inahesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ile ofisa anapokuchunguza, iwe uwanja wa ndege, iwe kwenye ombi lolote utakalopeleka. Kwa hiyo ikishapita 14 Juni 2026, siku zako za mwanzo za Edmonton zinaanza kudondoka moja moja, kama foleni ya benki: kila anayeingia nyuma, mmoja anatoka mbele. Na kwa kuwa upo Tanga, zinazoingia nyuma ni siku tupu.

Una siku 242 za ziada juu ya zile 730. Zikianza kudondoka katikati ya Juni 2026, zinakwisha karibu na tarehe 10 Februari 2027. Ukitaka njia fupi ya kuhakiki, miaka mitano ukiondoa siku 730 inabaki kama miaka mitatu, na wewe uliondoka Februari 2024. Tarehe ya kuandika ukutani ni hiyo ya Februari 2027. Ya Agosti ni ya kadi tu.

Kadi ni kitambulisho, kuisha kwake hakukuvui ukaazi. Ila ina kazi moja kubwa: bila kadi hai, shirika la ndege halitakupandisha kwenda Kanada. Ikikuishia ukiwa hapa, itabidi uombe hati maalumu ya kusafiria ya mkaazi wa kudumu, na ombi hilo lenyewe ndilo linalomwalika ofisa akuhesabie siku. Kwako hesabu ingepita kama ukiomba kabla ya Februari 2027, lakini kwa nini ujipeleke kwenye dawati ambalo huna ulazima nalo? Ukikataliwa una siku 60 za kukata rufaa. Kwa kawaida aliyekanyaga Kanada ndani ya siku 365 kabla ya kuchunguzwa anaweza kupewa hati arudi akasubirie rufaa kule. Wewe mwaka umeshapita hujakanyaga, rufaa ungeisubiria Makorora. Nenda na kadi uliyo nayo, kabla ya Agosti. Mpya huombi ukiwa Tanga. Unaiomba ukiwa Kanada, nayo hutumwa kwenye anwani ya Kanada.

Sasa yule wa wiki moja. Ukienda Julai ukakaa wiki ukarudi, umeongeza siku saba, basi. Kitakachokuokoa ni kurudi na kukaa: ukikaa, siku inayodondoka mbele inafidiwa na unayoingiza nyuma, na hesabu inasimama palepale.

Kuhusu Chongoleani, najua unatamani zihesabiwe. Sheria inakubali siku za kazi ya nje kwa mtu aliyeajiriwa muda wote na biashara ya Kanada au utumishi wa umma wa Kanada, akatumwa nje akiwa bado mtu wao, na akimaliza anarejea kwao. Wewe umeajiriwa hapa, na kampuni isiyo ya Kanada. Sifuri. Siku za kuishi nje na mume au mke aliye raia wa Kanada nazo huhesabiwa, lakini mkeo si raia wa huko, kwa hiyo mlango huo haukuhusu.

Ipo pia huruma ya kibinadamu. Anayepungukiwa siku anaweza kueleza kilichomzuia, na kumuuguza mzazi ni sababu inayosikilizwa. Kusanya vielelezo vya Bombo tangu sasa: cheti cha kuruhusiwa, kadi za kliniki, barua ya daktari, na maelezo ya kwa nini ndugu zako wengine hawakuweza kumtunza. Lakini nikuambie ninavyoona mimi. Ofisa akisoma kwamba mama anaumwa, kisha akakuta mkataba wa Chongoleani na ndoa mpya, atajiuliza kama ulizuiwa kurudi au umehamia. Weka huruma kama akiba, usiipangie safari.

Kumdhamini mke ukiwa Makorora haiwezekani. Mkaazi wa kudumu lazima awe anaishi Kanada anapopeleka ombi, na aendelee kuishi huko hadi mwenzake apate PR yake. Raia wa Kanada ndiye anayeruhusiwa kumdhamini mke akiwa nje, mradi aonyeshe watahamia kule PR ya mke ikitoka. Najua kwa nini wengi wetu hatuuchukui uraia huo hata siku 1,095 zikitimia: sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia mbili, ukiuchukua wa kwao wa kwetu unakutoka. Sikushauri uuchukue wala uuache. Ila ujue kwamba ukibaki na PR, bei yake ni hiyo, udhamini unafanyika ukiwa kule. Mke atasubiri Tanga, wewe Edmonton. Kwa mke, kwa kawaida hawakudai kiwango maalumu cha kipato, lakini usiwe unaishi kwa msaada wa serikali usiotokana na ulemavu. Unajifunga kumtunza miaka mitatu tangu apate PR, na kwa mtoto miaka kumi au hadi afike miaka 25, kinachotangulia.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwenye barua yako ni ile karatasi ya talaka ya shehe.

Kidini mkeo alikuwa huru, eda ilikwisha, na hakuna wa kumsema. Lakini kwa sheria za Tanzania Bara, ndoa ambayo wote wawili wako hai haivunjiki kwa karatasi ya shehe peke yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka amri ya mahakama. Kwa waliooana Kiislamu utaratibu wake si mrefu: baraza la usuluhishi la ndoa linathibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha, talaka inatolewa kwa mujibu wa dini, kisha mahakama inatoa amri ya kuvunja ndoa. Mahakama ya Mwanzo inatosha. Watu wengi hapa Tanga huishia kwenye hatua ya pili, na maisha yanaendelea bila tatizo mpaka siku faili lifike kwa ofisa wa uhamiaji.

Kanuni za Kanada zinamtoa kwenye kundi la wanaodhaminiwa mke ambaye, siku ya ndoa yenu, alikuwa bado mke wa mtu mwingine kisheria. Ofisa atadai ushahidi wa jinsi ndoa ya kwanza ilivyokwisha. Ukimpa karatasi ya shehe, anaweza kukujibu kwamba kwa sheria ya kwenu wenyewe ndoa ile bado ipo. Picha za harusi na meseji za WhatsApp hazitibu hilo. Muulize mkeo leo kama alifika mahakamani. Kama alifika, tafuteni nakala iliyothibitishwa. Kama hakufika, muone wakili hapo Tanga kabla ya kitu kingine chochote: amri itafutwe, na baada yake huenda mkalazimika kufunga ndoa upya ili cheti kiwe na tarehe inayofuata amri. Usije ukajaza kwenye fomu kwamba hajawahi kuolewa. Uongo wa namna hiyo unafunga mlango miaka mitano.

Wewe mwenyewe pia, kama una mke mwingine popote, niambie sasa. Kanada inamtambua mmoja tu, na vyeti vyetu vya ndoa ya Kiislamu kwa kawaida huonyesha kwamba ndoa inaweza kuwa ya wake wengi, kwa hiyo jiandae kulijibu swali hilo kwa maandishi.

Binti anaingia kwenye ombi la mama yake kama mtoto tegemezi, maana yuko chini ya miaka 22 na hajaolewa. Mtakachohitaji ni ridhaa ya maandishi ya baba yake mzazi, au amri ya mahakama inayompa mama malezi. Ikiwa mkeo anakwenda mahakamani kwa ajili ya talaka, wakili aombe na malezi kwenye shauri hilohilo, mmalize yote pamoja. Hata mkiamua binti abaki kwanza kwa bibi yake, mwandikeni kwenye fomu na apimwe afya kama wengine. Mtoto asiyetajwa leo kwa kawaida hadhaminiki kesho. Vipimo vyenyewe hufanywa na daktari aliyeidhinishwa na Kanada tu, wala si hospitali yoyote, kwa hiyo wekeni bajeti ya safari ya Dar, na alama za vidole ni hukohuko.

Mama usimweke kwenye mpango wa PR. Njia ya wazazi ni ya kualikwa, na inadai ushahidi wa kipato cha miaka mitatu, ambacho wewe kwa Kanada huna. Ipo viza ya wazazi na mababu inayomruhusu kukaa hadi miaka mitano kwa mara moja, lakini inataka wewe uwe unaishi kule, na bima ya afya ya angalau dola 100,000 za Kanada. Kwa mgonjwa wa kiharusi bima hiyo itakuwa ghali, na pengine isipatikane kabisa. Kabla hujakata tiketi, kaeni na ndugu zako mpange nani atabaki naye.