Theluji ya Kibo inaungua kwenye kamera yangu ndogo: nifanyeje?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Moshi. Binti yangu alinizawadia kamera ndogo ya dijitali ya megapikseli 16, zile za kuingia mfukoni. Napenda kupiga picha za mlima na mashamba, lakini kila nikiupiga Mlima Kilimanjaro, theluji na anga vinatoka vyeupe tupu kama karatasi. Siku nyingine mlima wote unafifia, kama upo nyuma ya pazia. Kwa macho nauona vizuri kabisa. Fundi mmoja wa studio kanishauri niiuze ninunue kamera kubwa. Ni kweli? Nataka walau picha moja nzuri ya kutundika sebuleni, saizi ya A4.

JIBU: Shikamoo mwalimu. Kamera usiiuze. Picha zako zimekosa vitu viwili tu: saa ya kupiga, na kitufe kimoja ambacho wengi hawakigusi tangu siku ya kununua kamera.

Tuanze na huo weupe. Ndani ya kamera, pale filamu ilipokuwa ikikaa zamani, kuna kihisio kinachopokea mwanga. Kwenye kamera nyingi za mfukoni kina upana wa milimita 6 hivi na kimo cha milimita 4 na nusu, yaani hakizidi urefu wa punje ya mchele. Kamera kubwa yenye kihisio cha kipimo cha filamu ya zamani ina milimita 36 kwa 24, eneo karibu mara 30 ya lako. Kihisio kidogo hupata shida kushika kwa pamoja mwanga mkali na kivuli kizito. Jicho lako linaweza, ndiyo maana mlima unauona. Kamera inalazimika kuchagua upande, na kwa kuwa ukisimama Moshi sehemu kubwa ya picha ni migomba, miti na mapaa yaliyo gizani, inaamua kuviangaza hivyo. Theluji, iliyochukua nafasi ndogo tu kule juu, inaungua, yaani inatoka nyeupe tupu.

Dawa yake ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa (+/−). Kwanza zungusha gurudumu la juu utoke AUTO, uweke P, kwa sababu kamera nyingi zikiwa kwenye AUTO zinakifunga kitufe hicho. Kisha shusha hadi −0.7 upige, shusha tena hadi −1 upige nyingine. Kila hatua nzima inakata mwanga nusu. Kwenye kioo picha itaonekana ya giza na utatamani kuifuta. Usiifute. Giza la migomba unaweza kuliinua baadaye hata kwa programu ya kawaida ya simu, lakini theluji iliyoungua haina chochote ndani yake cha kurudisha. Picha yangu ya kwanza ya Kibo ninayo hadi leo: majani ya migomba yametoka vizuri hadi mishipa inahesabika, na juu yake pana doa jeupe lisilo na barafu wala mwamba.

Ila kumbuka jambo moja. Ukivuta lenzi hadi theluji na mawingu vijaze picha nzima, mambo yanageuka. Kamera ikiona weupe kila mahali hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na theluji inatoka ya kijivu kama majivu. Hapo ndipo unapojumlisha, +0.7 au +1.

Sasa hilo pazia. Kutoka mjini Moshi hadi kilele cha Kibo ni kama kilomita 30, na katikati yote ni hewa yenye vumbi, moshi wa mashamba na unyevu. Kuvuta lenzi hakuondoi hata chembe. Hata kamera ya mamilioni, ukiipeleka pale saa 6 mchana, itapiga pazia lile lile. Kinachosaidia ni kuwahi. Huku kwetu jua linachomoza saa 12 na nusu hivi asubuhi, na kilele hupata mwanga dakika kadhaa kabla yako wewe uliye chini. Fika saa 12 kasoro robo, kamera iwe tayari. Jua la karibu na ikweta hupanda wima kama ngazi, kwa hiyo ule mwanga wa rangi ya dhahabu haudumu. Baada ya nusu saa umekwisha. Ikifika saa 3 au saa 4, mawingu yameanza kupanda kutoka msituni na kilele kimefungwa.

Majira nayo yana neno. Moshi ipo kusini mwa mlima, kwa hiyo unapoutazama unaangalia kaskazini. Mwezi wa 6 jua limehamia kaskazini, linakuja kidogo kutoka nyuma ya mlima, na ule uso wenye barafu unaokutazama unabaki kivulini. Kuanzia Desemba hadi Februari jua lipo kusini yetu, linaupiga uso huo moja kwa moja. Mvua za vuli zinakuwa zimeshaosha vumbi, na masika bado. Kwa hiyo Januari na Februari, hasa asubuhi baada ya mvua ya usiku, ndizo asubuhi zako. Nakuomba usizilale.

Ukipata filta ya polaraiza, kioo cha kuweka mbele ya lenzi kinachokata mng'ao, hata iliyotumika, itakufaa sana. Hufanya kazi kwa nguvu zaidi pale jua linapokuwa ubavuni mwako, na ukiwa Moshi asubuhi, jua mashariki na mlima kaskazini, ndivyo ilivyo hasa. Kamera yako huenda haina uzi wa kuifungia. Ishike kwa vidole mbele ya lenzi, izungushe taratibu ukiangalia kioo. Utaona anga linazama kuwa bluu na mlima unajitokeza.

Kuhusu pa kusimama, mjini utapigana na nyaya za umeme. Shuka Mabogini au Chekereni, kwenye mashamba ya mpunga ya umwagiliaji. Majaruba yakiwa yamejazwa maji, kabla mpunga haujaziba, na upepo haujaamka, mlima wote unalala ndani ya maji. Hapa kamera ndogo inaishinda kubwa: chuchumaa kwenye tuta, ishushe hadi iwe kiganja kimoja tu juu ya maji, na kivuli cha mlima kitajaa hadi miguuni pako. Polaraiza hapa iangalie sana, maana ukiizungusha vibaya inafuta hicho kivuli chenyewe. Na usipige kwa lenzi isiyovutwa hata kidogo, kwani inausukuma mlima mbali hadi unabaki kichuguu. Vuta mara mbili au tatu, ujirudishe nyuma kidogo. Zumu ya dijitali izime kabisa kwenye menyu. Yenyewe haivuti kitu, inakata tu katikati ya picha na kuipanua.

Alfajiri mwanga ni hafifu, na kamera ikiachiwa itapandisha ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, hadi anga lijae chengachenga. Iweke 100, au namba ya chini kabisa iliyopo. Shata, mlango unaopitisha mwanga, itakaa wazi muda mrefu zaidi, kwa hiyo mkono peke yake hautoshi. Stendi ikikosekana, shona kifuko cha kitambaa, tia nusu kilo ya mchele, kilaze juu ya jiwe au tuta na ukandamizie kamera humo. Inatulia kama imejengewa. Weka taima ya sekunde 2 ili kidole chako kiwe kimeshatoka shata inapofunguka. Kulenga, elekeza mraba wa kioo pale ukingo wa mlima unapokutana na anga, bonyeza nusu hadi mraba uwe kijani, ndipo umalizie. Ukilenga anga tupu kamera itahangaika, haina cha kushika.

Na kama kamera yako inakuruhusu kuchagua f, namba ya upana wa tundu la lenzi (namba ikikua tundu linapungua), usifuate ushauri wa vitabu vya kamera kubwa wa kuweka f/11 kwa mandhari. Kwenye kihisio kidogo namba kubwa hivyo hulainisha picha. f/4 inatosha, na kila kitu kuanzia tuta la mbele hadi kilele kitakuwa mahali pake.

Udogo huo huo wa kihisio unaipa kamera yako uwezo mwingine ambao ningesikitika usiutumie. Ukipata nafasi ya kuingia msituni kwa njia ya Marangu au Machame, utafute kando ya njia mmea unaoitwa Impatiens kilimanjari, usioota kwa asili mahali pengine duniani isipokuwa mlima huu. Ua lake ni jekundu, dogo, lina mkia uliojikunja kwa nyuma kama ndoano. Washa alama ya tulipu (kiua kidogo, ya kupiga vitu vya karibu), usogee hadi sentimita chache. Zima flashi, itaukausha wekundu wote. Kamera kubwa ingenasa midomo ya ua na kuupoteza mkia; yako itanasa vyote kwa mkupuo mmoja, pamoja na tone la maji lililoning'inia.

Fundi wako atakuwa na haki siku utakapotaka kupiga nyota usiku, au kutundika picha ya upana wa mita moja. Kwa A4 hapana. Uchapaji mzuri wa A4 unahitaji megapikseli 9 tu, wewe unazo 16. Ila umbo la picha yako ni 4 kwa 3, na karatasi ya A4 ni ndefu kidogo kuliko hapo, kwa hiyo ukichapa kwa ulalo, studio itakata juu na chini. Unapopiga, acha anga la kutosha juu ya Kibo.