Ukitaka Kutafiti Televisheni ya Indonesia, Anza na Mwenye Kituo

Wanafunzi wa uzamili wanaoniomba ushauri kuhusu kutafiti utamaduni na vyombo vya habari vya Asia huja na tamthilia waliyokwisha kuitazama yote, wakaipenda, na sasa wanataka kuichambua. Mimi nilifanya utafiti wangu Yogyakarta, kuhusu tamthilia za Kiindonesia zinazoitwa sinetron, na jibu langu kwao ni moja: iweke tamthilia kando kwanza, uulize kituo kilichoirusha kilikuwa cha nani.

TVRI, televisheni ya serikali, ilianza kurusha matangazo mwaka 1962, Jakarta ilipoandaa Michezo ya Asia, na kwa zaidi ya robo karne haikuwa na mshindani. RCTI, kituo cha kwanza cha binafsi, kilipofunguliwa mwaka 1989, mwenye kampuni alikuwa Bambang Trihatmodjo, mtoto wa Rais Suharto. TPI, iliyokuja baadaye kidogo, ilikuwa ya dada yake, Siti Hardiyanti Rukmana. Isitoshe, vituo vya binafsi vililazimika kujiunga na TVRI wakati wa taarifa ya habari. Sisi wa Tanzania Bara, ambao miaka ya 1990 tuliona televisheni za watu binafsi zikitangulia ile ya serikali, ni rahisi kudhani kwamba kituo cha binafsi ni kituo kilicho mbali na Ikulu. Anayekwenda Indonesia na dhana hiyo ataziona nyumba za kifahari za sinetron za wakati huo kuwa ni kazi ya soko tu, na hatajiuliza ni akina nani waliopewa nafasi ya kuwa soko.

Ukishamjua mwenye kituo, nenda sebuleni. Mama mwenye nyumba niliyopanga, ambaye wapangaji wote tulimwita Ibu, nilipomuuliza tamthilia fulani inafundisha nini alinijibu kwa adabu kwamba inafundisha subira, yakaishia hapo. Lakini kila yalipoingia matangazo ya biashara alipunguza sauti kwa rimoti na kuanza kumsema mama mkwe wa kwenye tamthilia: anavyoongea kama watu wa Jakarta, jikoni kwake hakuna hata sufuria lenye masizi, na mkwe wa namna hiyo hapa kwetu angesutwa na mtaa mzima. Sehemu kubwa ya sura yangu kuhusu watazamaji ilitoka katika dakika hizo. Mwezi wa Ramadhani ndio wenye mavuno zaidi, kwa sababu vituo hurusha vichekesho saa za daku na nyumba nzima huwa macho, hata wale ambao siku nyingine hawagusi televisheni. Mtafiti aliyezoea kulala mpaka alfajiri atayakosa hayo yote.

Wasome pia wasomi wa huko, kama Ariel Heryanto, kabla ya kukimbilia nadharia za Ulaya. Na jifunze lugha mapema, kwa maana mkalimani hatakutafsiria umbea.

Kibali cha utafiti, ambacho siku hizi hutolewa na BRIN, wakala wa taifa wa utafiti wa Indonesia, kiombe kabla hujanunua tiketi. Benedict Anderson, msomi aliyeshiriki kuandika uchambuzi uliopinga maelezo rasmi ya matukio ya 1965, yaani jaribio la mapinduzi lililofuatwa na mauaji ya halaiki ya walioshukiwa kuwa wakomunisti, alizuiwa kuingia Indonesia tangu 1972 hadi utawala wa Suharto ulipoanguka mwaka 1998, na katika miaka hiyo akageukia Thailand na Ufilipino. Yeye alikuwa na pa kwenda. Wale unaowahoji hawana. Serikali ilitengeneza filamu yake kuhusu matukio hayo mwaka 1984, ikawa inarushwa kila mwaka tarehe 30 Septemba hadi utawala huo ulipoanguka, na watu wazima wa leo wanakumbuka walivyopelekwa na shule kuitazama. Watakusimulia bila shida muziki wake na hofu yake. Simulizi likihama kwenye filamu na kuingia kwa babu aliyechukuliwa usiku, zima kinasa sauti, uliza kama unaruhusiwa kuandika, na katika tasnifu usitaje kijiji wala kazi ya msimuliaji, hata msimamizi wako akilalamika kwamba data imepungua uzito.