Geuza Kopo Kwanza

Maswali ya wasomaji kuhusu bia hujibiwa hapa na mzee aliyekaa miaka 11 kwenye stoo ya msambazaji, na ambaye mgongo wake bado unaukumbuka uzito wa kegi, yale mapipa ya chuma ya bia.

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi mbali na kiwanda chochote kidogo cha bia, yaani mbali kweli. Rafiki yangu alisafiri akarudi na sifa za IPA moja (India Pale Ale, bia yenye uchungu na harufu kali): inanukia embe, ganda la chungwa na majani mabichi. Nimeitafuta miezi mitatu. Nilipoipata ilikuwa rafu ya juu, kopo lina vumbi. Kuifungua, nakutana na utamu kama wa asali, na nyuma yake ladha ya karatasi iliyolowa. Embe sikuliona. Je, nimetapeliwa? Na mtu wa mbali kama mimi afanyeje ili aipate ikiwa bado mpya? – Mwenye Kiu

JIBU: Marahaba, Mwenye Kiu. Hujatapeliwa. Bia uliyokunywa ni ile ile aliyoisifia rafiki yako, ila wewe umeikuta matangani.

Harufu uliyosimuliwa inatoka kwenye mafuta ya ua la hopsi, mmea unaoipa bia uchungu na harufu. Mafuta hayo ni mepesi na hayapendi kukaa mahali pamoja. Ukiyachemsha yanapaa na mvuke, ndiyo maana mpikaji wa IPA hutia hopsi nyingi mwishoni, bia ikiwa imeshapoa na iko kwenye tangi. Anaondoka pale na kinywaji kinachonukia kama shamba. Lakini wakati wa kujaza makopo hewa kidogo huingia, hata mashine iwe nzuri namna gani, na oksijeni hiyo inaanza kazi siku hiyo hiyo. Embe linafifia kwanza, uchungu unapoteza makali, kisha utamu wa kimea uliokuwa umefunikwa unajitokeza wenyewe. Ndiyo asali yako hiyo. Karatasi iliyolowa ni alama ya oksijeni, na kila mpika bia anaijua kama mama anavyojua kilio cha mwanawe.

Umbali peke yake hauui bia. Joto la njiani ndilo linaloua. Wapikaji wana hesabu ya haraka wanayopeana: siku 3 kwenye nyuzijoto 32, siku 30 kwenye nyuzijoto 22, na siku 300 kwenye nyuzijoto 3, uchakavu ni karibu sawa. Ni hesabu ya kukadiria tu, lakini inatosha kukuonyesha kwamba wikiendi moja ndani ya kontena lisilo na ubaridi inaweza kumeza mwezi mzima wa uhai wa bia.

Mimi sikuiamini mpaka nilipojaribu. Nilichukua makopo mawili yaliyojazwa siku moja. Moja nikaliweka chini kabisa kwenye friji, la pili juu ya kabati la stoo, pale joto linapojikusanya. Wiki tatu baadaye nikamwita mwenzangu wa zamu nikamimina glasi mbili bila kumwambia kitu. Ya friji ilikuwa ya njano kama maji ya nanasi, na povu lake likanukia kabla glasi haijafika puani. Ya kabatini ilikuwa imeelekea rangi ya chai ya rangi. Aliionja, akaitua, akaniuliza, “Hii nyingine ni ya kampuni gani?”

Sasa fanya hivi. Kabla hujatoa hela, geuza kopo usome kitako. Unatafuta tarehe ya kujazwa, si ya kwisha muda. Tarehe ya kwisha ni ahadi ya kiwanda, na wapo wanaojipa mwaka mzima kwa bia ambayo uzuri wake ni wa miezi miwili. Pengine utakuta namba tupu, mfano 1255. Viwanda vingi huhesabu siku za mwaka: hapo ni siku ya 125 ya mwaka unaoishia na 5, yaani 5 Mei 2025. Wengine hutanguliza mwaka, kwa hiyo soma namba za makopo kadhaa mpaka hesabu ikae sawa. Mimi nina daftari la namba za viwanda ninavyovipenda. Mali bila daftari hupotea bila habari, na bia ni mali. Kopo lisilo na tarehe kabisa nalirudisha rafuni, hata liwe na picha nzuri kiasi gani.

Mpaka wangu ni huu: IPA zenye ukungu, wiki sita, zile ang'avu zenye uchungu wa wazi, miezi mitatu, kama zimekaa kwenye baridi muda wote. Ya rafu ya juu yenye vumbi sihitaji hata kuigeuza.

Angalia pia ilipikwa wapi, maana jina maarufu halimaanishi kiwanda kimoja. Sierra Nevada ya Chico, California, ilifungua kiwanda cha pili Mills River, North Carolina, mwaka 2014. Stone, nayo ya California, ikafungua Richmond, Virginia, mwaka 2016. Walijua bia ya hopsi haifurahii kuvuka bara zima la Marekani. Hao hao Stone mwaka 2012 walitoa IPA ambayo jina lake lenyewe lilikuwa tarehe ya mwisho ya kuinywa, siku thelathini na kitu tu tangu ijazwe. Mwenye duka hakuwa na pa kujificha.

Na zungumza na muuzaji. Usimuulize “ipi nzuri?” Muulize mzigo unaingia siku gani, na ukifika unaingia friji au unalala stoo. Akijibu bila kufikiri, huyo ndiye muuzaji wako. Akikuonyesha bia ya kegi, uliza imefunguliwa lini. Kegi haipigwi na mwanga, na sehemu yenye wanywaji wengi haikai. Chupa ya kijani au nyeupe iliyokaa dirishani iache. Mwanga unauvunja uchungu wa hopsi na kuacha harufu ya kicheche, na jua kali linaifanya kazi hiyo kwa dakika chache.

Kama yote hayo yameshindikana, tafuta bia ya hopsi isiyo na jina kubwa iliyopikwa karibu nawe zaidi. IPA ya kawaida yenye wiki mbili inaipiga iliyosifiwa dunia nzima yenye miezi saba. Hapo sibishani na mtu.

SWALI: Mzee, mbona tunaambiwa IPA iliundwa makusudi ivumilie safari ya meli kutoka Uingereza hadi India? Kama iliweza miezi baharini, leo inashindwaje na lori? – Mdadisi

JIBU: Hadithi hiyo ni nusu tu. Mwishoni mwa karne ya 18 George Hodgson wa kiwanda cha Bow, London, aliuza sana bia kwa mabaharia wa meli za India, lakini si yeye aliyebuni kuongeza hopsi kwa bia ya nchi za joto. Ushauri huo ulikuwapo tangu miaka ya 1760. Tena hopsi zina kazi mbili. Uchungu wake huzuia baadhi ya bakteria wanaochachua bia, na hilo ndilo lililosaidia baharini. Harufu ni jambo lingine, na uchungu hauilindi. Bia ile ilikaa miezi ndani ya mapipa ya mbao huku ikiyumba na kupata joto, ikashuka imekomaa, na wanywaji wake walitaka iliyokomaa. Hakuna aliyekuwa bandarini akisubiri embe.

SWALI: Nina makopo manne ya IPA ya ukungu nimeyafungia kabatini kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu mwakani. Niyageuze mara kwa mara? – Kaka wa Bibi Harusi

JIBU: Yatie friji leo, yanywe Jumamosi, na umwite mdogo wako. Harusini peleka staut nzito, ile bia nyeusi, yenye kilevi cha asilimia 10. Hiyo ndiyo inayojua kungoja.