Muulize Mkalimani: "Nikisimama, Kiingereza kinanikimbia"

*Shikamoo Mama. Mimi ni mhandisi wa maji, nipo Singida. Mwezi ujao natakiwa Kigali kuwasilisha mradi wetu wa visima mbele ya wafadhili na wenzetu wa nchi jirani. Nimepewa dakika 10, kwa Kiingereza. Nimeandika kila kitu, kurasa saba, nimekuambatishia. Kuandika si tatizo, ila nikisimama mbele za watu kinanikimbia. Mwaka jana nilisoma mwanzo mwisho bila kuinua uso. Kisha mtu akauliza kama hatuna mita za kupimia maji, nikajibu "yes", watu wakabaki kutazamana. Mpaka leo sijui nilikosea wapi. — Mhandisi, Singida*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na hiyo "yes", maana naifahamu vizuri. Kwetu mtu akikuuliza "Hamna mita?" nawe kweli huna, unajibu "Ndiyo, hatuna." Unamkubalia alichosema. Kwenye Kiingereza jibu linafuata hali yenyewe: mita hazipo, basi ni "no". Uliposema "yes", wao walisikia mita zipo, wakati dakika mbili nyuma umetoka kuwaambia mnakadiria maji kwa ndoo. Nimekaa kwenye kibanda cha wakalimani miaka 26, mingi kwenye kumbi za AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa hapa Arusha, na hiyo "yes" nimeiona ikila nusu saa ya kikao. Acha kujibu kwa neno moja. Sema sentensi nzima: "We have no meters." Basi.

Sasa hizo kurasa saba. Nimezihesabu, ni maneno kama 2,800. Msemaji anayesikilizika vizuri huenda maneno 100 hadi 120 kwa dakika. Mhandisi ni wewe, piga hesabu: hata ukienda kwa 120, ni dakika 23, nawe una 10. Ndiyo maana mwaka jana hukuinua uso, ulikuwa unakimbizana na saa. Nikupe na siri ya kibandani. Aliyetutesa hakuwa yule mwenye Kiingereza cha kuungaunga. Yule anatafuta neno, anapumua, na sisi tunapumua. Aliyetutesa ni msomi mwenye karatasi, anayeisoma kama anafukuzwa. Tukimwona tu anaitoa kwenye faili, mwenzangu ananisogezea glasi ya maji.

Ukurasa wako wa kwanza una salamu kwa wakubwa sita, kisha "all protocols observed". Kama itifaki imezingatiwa, hao sita wa nini? Halafu unaomba radhi kwa Kiingereza chako, halafu inakuja sentensi ya mistari mitano inayoanza na matumaini yako ya dhati. Nimeisoma mara tatu, sikuona maji.

Maji nimeyakuta ukurasa wa tano, umeyaficha katikati ya aya: Machi pampu iliharibika, na kwa siku tisa akina mama wakarudi kuchimba mchanga korongoni. Mwanangu, unawezaje kuweka hilo ukurasa wa tano? Anza nalo. "In March our pump stopped. For nine days, women dug for water in the sand." Nyamaza kidogo. Kisha waambie mlifanya nini siku ya kumi. Hakuna neno hapo la kumshinda mwanafunzi wa kidato cha kwanza, na hakuna atakayeangalia simu.

Hiyo radhi ifute kabisa. Najua inakotoka. Sekondari niliyosoma mimi, ukikamatwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni, unatembea nacho mpaka umnase mwenzako. Nilikivaa wiki nzima kwa kosa la kusema "jamani". Mpaka leo, na mvi zangu hizi, nikishika kipaza sauti mkono unaenda wenyewe shingoni. Lakini Kigali hakuna wa kukuvisha kibao. Rwanda yenyewe iliamua mwaka 2008 kuacha kufundishia kwa Kifaransa na kuingia kwenye Kiingereza, kwa hiyo wengi utakaowakuta pale wamekitafuta ukubwani kama wewe. Ukiongea taratibu, watakushukuru kuliko ukiongea kama redio ya London.

Kuna mahali lakini ambapo lazima ujibane: tarakimu. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Tunaupeleka mkazo huohuo kwenye "fifteen" na "fifty", yanatoka mapacha. Niliwahi kufasiri visima 50 mahali palipokuwa na visima 15, na mfadhili akaanza kupiga makofi. Kwenye slaidi andika 15, kubwa, uinyooshee kidole, uvute ule mwisho: fif-TEEN. Na saa vilevile. Mwenyekiti mmoja aliwatangazia wageni kuwa chai ni "at four o'clock". Yeye alikuwa na saa nne asubuhi kichwani. Wageni wakaandika saa kumi jioni, na maandazi yakapoa mezani.

"He" na "she" zitakuchanganya, kila mtu zinamchanganya, kwa sababu "yeye" yetu haiulizi jinsia. Usihangaike nazo jukwaani. Taja cheo: "the chairperson", "the pump operator". Rudia hata mara kumi, hakuna anayehesabu.

Kufanya mazoezi kichwani hakusaidii kitu. Simama, washa simu, jirekodi kama unavyotuma ujumbe wa sauti WhatsApp, kisha usikilize ukiwa unapika au unafua. Pale utakapoona aibu kujisikiliza, sentensi hiyo ni ndefu, ikate. Sentensi mbili za mwanzo na moja ya mwisho zishike kwa moyo, maana mwanzoni ndipo magoti yanapotetemeka. Za katikati andika maneno matano tu kwenye kikaratasi. Slaidi ziwe sita. Ya kwanza iwe picha ya lile korongo, bila maandishi.

Swali usilolielewa lirudishe kwa aliyeuliza: "Do you mean the cost, or the repairs?" Mpe njia mbili achague. Hata asipotaka mojawapo atasema upya, polepole, na wewe umeshapata muda wa kumeza mate.

*Mama, mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma. Wenzangu wakiwasilisha darasani wanabana pua kama Wamarekani na wanashangiliwa. Na mimi nijifunze? — Naona Haya*

Pua iache kama Mungu alivyoiumba. Angalia vitu viwili. Kwanza "th": umelelewa kwenye "thelathini" na "dhahabu", kwa hiyo usiniletee "sank you" eti ndiyo lafudhi yetu. Wafaransa wanapigana na sauti hiyo miaka mingi, sisi tunayo bure.

Pili, mwisho wa neno. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, basi tukifika kwenye Kiingereza ama tunabandika irabu yetu, ama tunameza konsonanti ya mwisho. "We needed" inakuwa "we need", na profesa anadhani bado mnahitaji fedha ambazo mlishapewa. Chukua aya moja ya wasilisho lako, pigia mstari kila herufi ya mwisho, isome kwa sauti bafuni mpaka mwenye nyumba agonge mlango.